Sifa za Dirisha Jeusi

Wapo wanaolisema vibaya dirisha jeusi la Linux, lile ambalo mgeni huandikia amri kwa mkono ili apate programu ambayo kwenye simu angeipata kwa kugusa mara moja. Hawajalitendea haki. Linafundisha imani: ukiandika neno la siri mara nyingi halikuonyeshi hata nyota moja, unabonyeza gizani kama mtu anayesali. Linafundisha imla, maana herufi kubwa palipostahili ndogo ni dhambi isiyo na toba. Ubuntu, aina ya Linux ambako wageni wengi huanzia tangu ilipotoka mwaka 2004, imebeba neno la sisi Wabantu lenye maana ya utu, ingawa utu huo bado unakukatalia kwa Kiingereza. Ni kweli kwamba dirisha hili litakuapia kuwa kifurushi cha programu unachokitaka hakipo, kumbe kipo, ila hukutanguliza amri ya kuhuisha orodha, na hiyo amri uliyonakili ni ya toleo lililokwisha kuzikwa, na fundi uliyemuuliza amejibu kwamba ni rahisi tu. Rahisi tu! Lakini tumekuja kusifu.

Sifa yake kuu, ambayo haijapigiwa ngoma ya kutosha, ni namna linavyotaja masharti. Tuseme unataka programu moja. Hiyo inategemea nyingine tano, na mojawapo ya hizo tano inategemea mbili zaidi. Chombo kiitwacho apt hakianzi kazi kwa papara. Huketi kwanza, kikahesabu ukoo mzima mpaka kwa mababu, kisha kikakusomea: hivi vitaongezwa, hiki kitaondolewa, megabaiti za kupakua ni hizi, nafasi itakayoliwa kwenye diski ni hii. Halafu kinauliza: ndiyo au hapana? Mtu mwenye bando la siku moja anajua hapo hapo kama vifurushi vya Linux vitameza kifurushi chake cha intaneti, na anaweza kukataa kabla hajapoteza kitu. Tena adabu hii haikushuka kutoka mbinguni. Debian, mama yake Ubuntu, ilianzishwa mwaka 1993, na chombo chake dpkg hukutajia pungufu la faili uliyoileta tu; ukilileta, nalo lina pungufu lake, na hilo lina lake. Watu walichoka. Toleo la Debian la mwaka 1999 likaja na apt, inayohesabu yote kwa mkupuo. Walioitengeneza walitambua kwamba orodha anayoijua mwenye mlango haina sababu ya kutafutwa kwa miguu na mgonga mlango.

Sasa mchukue mtu wa Manda, kule kandokando ya Ziwa Nyasa, anayehitaji muhuri wa ofisi fulani ya mkoa. Ana barua ya mtendaji wa kijiji na ya mtendaji wa kata. Anapanda milima mpaka Ludewa, anapata muhuri mwingine, anaendelea mpaka Njombe kwenye baridi yake. Dirishani anaambiwa picha ziwe nne, siyo mbili. Akirudi na nne, anaambiwa nakala ya cheti ithibitishwe na wakili. Akirudi nayo imethibitishwa, mwenye kusaini ameenda Makambako kwenye kikao. Tushukuru kwamba mwaka 2012 Njombe ilitengwa na Iringa ikawa mkoa, vinginevyo safari hii ingekuwa ndefu zaidi. Lakini kufupisha barabara siyo kufupisha orodha. Karani anaijua orodha yote, ameihifadhi kichwani, ameitaja kipande kipande kwa mamia ya watu. Kwa nini asiitaje yote siku ya kwanza? Nauli ile ni ya nani?

Atasema mtu kwamba dirisha jeusi hutaja sababu kwa lugha isiyoeleweka, kwa hiyo uwazi wake haumsaidii mgeni. Ni hoja nzuri, na Kiswahili kilistahili zaidi, maana tangu mwaka 2004 mradi wa Kilinux na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwisha kuonyesha, kwa programu ya ofisi iitwayo Jambo OpenOffice, kwamba programu inaweza kusema nasi kwa lugha yetu. Ila maneno yasiyoeleweka yaliyoandikwa unaweza kuyanakili ukampelekea anayeyaelewa. “Njoo kesho” utampelekea nani? Mwingine atasema binadamu ana huruma, mashine haina. Binadamu anayo, lakini huruma ya dirisha la ofisi huanza kwa swali la unamfahamu nani. Sudo, amri ya kuomba ruhusa ya mkubwa wa kompyuta, huuliza neno la siri tu. Hata apt ikiwa imefungwa kwa sababu kuna shughuli nyingine inayoendelea, matoleo ya sasa hukutajia jina la shughuli hiyo na namba yake. Jaribu kuuliza namba ya kikao kinachomshikilia mkubwa.

Na atakayesema kwamba siku hizi huduma zimehamia kwenye mifumo ya kompyuta, basi atazame kilichohamia. Kompyuta imefundishwa tabia za karani: jaribu tena baadaye, mfumo uko chini, nenda hatua inayofuata ukagundue kuna kiambatisho kingine. Watu wa Linux wametoa bure, kwa zaidi ya miaka ishirini, mfano wa namna ya kutaja masharti yote kwa pamoja, na sisi tukatumia umeme kuharakisha ule mtindo wa picha nne siyo mbili.

Ofisi zitajibu kwamba orodha ipo, imo ndani ya Mkataba wa Huduma kwa Mteja. Ipo kweli. Ina dira, ina dhamira, ina maadili ya msingi, imetiwa kwenye fremu ya kioo, na pengine imetundikwa ukutani nyuma ya karani, upande ule ambao mwenye shida haruhusiwi kufika.