Linux Imeisha Jana

Bei ya printa husemwa kwa sauti, ya wino hunong'onwa. Bonasi ya chai ikitoka Oktoba, wenye maduka wanajua mkulima ana pesa kidogo, ana mtoto shuleni, na mtoto ana CBC. Tangu mtaala huo uenee nchi nzima mwaka 2019, ni mzazi gani wa huku kwetu Roret hajaambiwa saa tatu usiku, mvua ikinyesha, kwamba kesho mwalimu anataka picha ya tembo? Ya rangi. Na saa hiyo saiba imefungwa kitambo.

Mama watoto akasema basi, safari hii tununue printa. Kifungua mimba wetu akatoa sharti moja: ielewane na kompyuta ya nyumbani. Kompyuta yenyewe ni mzee. Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, binamu wa huyo kifungua mimba aliiwekea mfumo wa Linux, ikapata nguvu mpya. Ila printa kadhaa za bei ya chini huja na draiva za Windows tu, Linux hazina habari nayo.

Tukashuka Litein. "Hii inafanya kazi na Linux?" nikamuuliza kijana wa dukani.

Akatazama rafu, akainama, akafungua droo mbili. "Linux imeisha jana, mzee. Lakini chukua hii nyeupe, ni kitu kimoja."

Ile nyeupe ilikuwa rahisi ajabu. Nikauliza bei ya katriji. Kijana akakohoa kwanza. Nyeusi na ya rangi, ukizijumlisha, zilikaribia kununua printa nyingine. "Lakini mzee, nyeusi inatoa kurasa 120!"

Kurasa hizo hupimwa kwa maandishi haba, wino ukigusa kama asilimia 5 tu ya karatasi. Tembo hajui asilimia 5. Tembo anajaa ukurasa mzima, na mwalimu ameagiza awe na mtoto wake.

Pembeni kulikuwa na zile za tanki, za kumiminiwa wino wa chupa. Mama watoto alipoona bei akaangalia mlango. Mimi nazipenda kwa asili yake: Epson walianza kuziuza Indonesia mwaka 2010, baada ya kuona mafundi wa huko wanachokonoa printa za katriji na kuzichomekea mipira ya wino kutoka kwenye chupa. Jua kali imewafunza Wajapani! Chupa moja nyeusi huandikwa kurasa 4,500. Tena ile tuliyoishika ilikuwa na alama ya AirPrint, na kifungua mimba wetu akatuambia kwa simu kwamba hiyo Linux huipata kwa Wi-Fi bila draiva yoyote. Tukalipa kabla mama watoto hajabadili nia.

Linux ikaipata kweli. Karatasi ndizo zilizogoma. Roret mvua ya alasiri ni kama mwanafamilia, na rimu ikishafunguliwa hunyonya unyevu, pembe zikajikunja, kurasa zikashikana. Printa ilivuta tatu kwa mpigo, ikalia krrr, ikatema tembo amekunjamana mkonga hadi mkia.

Fundi kwa simu akashauri tununue mashine ya kukausha hewa. Mama yangu, ambaye watoto humwita Kogo, hakumsubiri amalize. Alichukua rimu, akaiweka juu ya meko palipo na kuni za kesho. Asubuhi karatasi zilikuwa kavu, zinalia zikiguswa, na tembo akatoka na mtoto wake, safi, akinuka moshi.

Habari hazikukaa nyumbani. Katibu wa chama chetu alikuja na rimu mbili kwapani, nikadhani anataka kuchapisha kumbukumbu za mkutano. Hapana, printa anayo yake. Alikuwa anamtafuta Kogo, ambaye anatoza shilingi hamsini kwa rimu na hakopeshi.