Landrova Itauzwa Kaskazi Ikiingia

Muda ambao mwenye Landrova wa kisiwa cha Mombasa anakusudia kukaa na gari lake ni miezi minane hivi. Muda anaokaa nalo ni miaka thelathini na kitu, na akifa huwa bado hajamaliza. Kati ya kusudio na matokeo pana kutu, mafundi, paka, ndimu za achari, mnunuzi kutoka bara na ndugu walioko Maskati.

Miezi minane haikuokotwa tu. Mji wa Kale bado huhesabu mambo makubwa kwa pepo. Kaskazi, inayovuma tangu Disemba hadi Machi hivi, ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi ya Omani na Ghuba mpaka Bandari ya Kale na shehena za tende na mazulia, kisha kusi ikayarudisha na boriti. Kila biashara ya maana ilikuwa na tarehe yake, na tarehe yenyewe ilikuwa kaskazi ikiingia. Majahazi yamepungua, tarehe imebaki. Kwa hivyo mtu akiulizwa barazani, dele la kahawa likizunguka, "Gari hii utakaa nayo mpaka lini?" hujibu papo hapo, "Naiuza, kaskazi ikiingia, in shaa Allah." Kaskazi huingia. Landrova haitoki. Wala hakuna awezaye kumshika kwa uongo, maana hakutaja kaskazi ya mwaka gani.

Gari lenyewe humsaidia. Landrova ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, wakati Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Kiwanda cha Solihull kikaamua bodi iwe ya aluminiamu, ambayo ilikuwa rahisi kupatikana. Hakuna aliyekuwa akiifikiria chumvi ya Mombasa, lakini aluminiamu haishiki kutu nyekundu, na ndiyo sababu mzee wa Kuze aweza kumpeleka mgeni ubavuni mwa gari la miaka ya 1960 na kulipiga kofi kwa fahari kama apigavyo ng'ombe wa mnadani. Sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue, zilizoanzia na ziara ya Binti Mfalme Elizabeth mwaka 1952, nazo ni za aluminiamu na zingali zimesimama. Hoja hii hutolewa barazani kama ushahidi wa kitaalamu. Kwamba pembe haziendi popote wala hazibebi mifuko ya saruji, huwa haitajwi.

Kinachonyamaziwa ni chesisi. Hiyo ni ya chuma, na hewa ya bahari huila usiku na mchana bila haraka. Tena pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo hulika, ikawa unga mweupe kama wa muhogo. Njia ya kujua hali ya chesisi ni kuingia uvunguni na kuichokora kwa bisibisi. Mwenye gari mwenye hekima hamiliki bisibisi. Mmoja wa Kibokoni alikosa hekima hiyo siku moja baada ya swala ya Ijumaa: bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini na ikakataa kutoka. Fundi alipokuja kuichomoa alikatazwa, kwa hofu kwamba huenda sasa ndiyo iliyoshikilia.

Jambo jingine linalorefusha muda, na pengine ndilo kubwa kuliko yote ingawa hakuna anayelikiri, ni mahali pa kuegesha. Landrova fupi huitwa themanini na nane kwa sababu ya inchi zilizopo kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Ndefu ni mia na tisa. Zote mbili zina upana wa mita 1.68 hivi. Ziliundwa kwa ajili ya mashamba na milima, na hapa zimeletwa kwenye vichochoro vilivyopimwa kwa punda aliyebeba maji. Ndia Kuu, pamoja na ukubwa wa jina lake, magari mawili yakikutana lazima moja litafute adabu ya kurudi nyuma. Mia na tisa huhitaji karibu mita 14 kuzunguka, na mita 14 zilizo wazi hazipatikani Mji wa Kale ila baharini. Kwa hivyo mtu akishaipata nafasi ukutani mwa nyumba, akaingia kwa kwenda mbele na kurudi nyuma mara tisa, huku vijana wanne wakimwelekeza pande nne tofauti, nafasi ile huwa ni mali. Kuiuza Landrova ni kuiuza nafasi. Jirani mwenye Probox anajua hivyo, na kila asubuhi huuliza habari za gari kabla ya kuuliza habari za mgonjwa.

Wapo basi ambao magari yao hayajasogea tangu masika ya mwaka juzi. Gari lisilosogea halikosi kazi. Muuza kahawa huliegemea, watoto hulifanya ngome, na mama wa nyumba ya pili huanika ndimu za achari juu ya boneti, ambayo ni pana, imeinuka, na hupata jua tangu saa tatu. Ndimu zikishatandazwa, gari halitoki mpaka zikauke. Mwenye gari mmoja alikosa arusi ya mpwawe kule Tudor kwa sababu hiyo. Alikuwa na ufunguo mkononi na kanzu imepigwa pasi, lakini hakuwa na ujasiri wa kubisha mlango na kusema, "Bi mkubwa, ndimu zako." Walipouliza arusini mbona hakuja, mkewe, aliyekwenda kwa tuktuk, alisema gari lilikuwa na kazi.

Yafaa kusemwa hapa kwamba safari zenyewe si ndefu. Kutoka Ngomeni hadi Makupa mtu huenda kwa miguu kwa muda usiofika saa moja. Gari lenye gia maalumu ya kupandia milima hutumika kupeleka masufuria ya biriani Bondeni, mbuzi wa Idi Majengo, na siku kubwakubwa kuvuka Likoni. Hapo Likoni ndipo hupatikana kusudio fupi kuliko yote. Feri ikishatia nanga upande wa pili, maelfu ya watu wakishamiminika na magari ya mbele yakiupanda mteremko, Landrova huchagua wakati huo kuzimika. Honi hulia nyuma yake kama arusi ya watu wenye hasira. Abiria husukuma, mmoja huchanika suruali, dereva huapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba kesho gari linauzwa. Kiapo hicho hudumu mpaka alasiri. Kufikia magharibi hadithi imeshageuka: sasa ni habari ya jinsi watu ishirini walivyoshindwa kulisogeza kwa uzito wake, na uzito ni sifa.

Matengenezo nayo yana hesabu yake, ambayo ni rahisi na haina njia ya kutokea. Gari likiwa bovu haliwezi kuuzwa, kwa sababu mnunuzi atatoa bei ya chuma chakavu. Gari likishatengenezwa haliwezi kuuzwa, kwa sababu limekula pesa nyingi mno kuachiwa mtu mwingine afaidi. Kati ya hali hizi mbili pana kama dakika ishirini, tangu fundi anapokaza nati ya mwisho mpaka anapoitaja hesabu yake, ambapo uuzaji ungewezekana. Dakika hizo huliwa na chai.

Kwa njia hiyo gari hubadilishwa kipande kwa kipande. Injini ya petroli ya Solihull ikichoka kabisa, mafundi wa jua kali hutia ya dizeli ya Kijapani, na namba yake hupaswa kuandikishwa kwenye logibuku. Baadaye hufuata gia boksi, kisha usukani, kisha viti vilivyotolewa kwenye matatu. Mwisho wake gari huwa la Kijapani ndani, la Mombasa uvunguni, na la Kiingereza kwenye kibao cha jina tu. Lakini huendelea kuvuja oili palepale lilipokuwa likivuja zamani, jambo ambalo fundi hata mmoja hajaweza kulieleza.

Sheria pia imechangia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane. Defender ya mtindo wa kale, mjukuu wa gari la 1948, ilikomeshwa Solihull tarehe 29 Januari 2016 baada ya magari zaidi ya milioni 2 ya ukoo huo. Anayejua kutoa na kujumlisha huona kwamba kufikia 2024 au mara tu baada yake mlango ulikuwa umefungwa: iliyouzwa haipatikani tena kwa kuagiza ng'ambo. Mwenye gari huitaja hoja hii hasa anapokuwa na namba ya zamani, ile ya herufi tatu na tarakimu tatu bila herufi ya nyuma, iliyotumika kabla ya KAA kuanza mwaka 1989. Namba hiyo ni kama nasaba. Meli hushusha Kilindini magari ya Japani yanayong'aa, yenye viyoyozi na sauti ya mwanamke inayosema kwa Kijapani, na mwenye namba ya zamani huyatazama yakipita kama mtu wa ukoo mkubwa anayetazama wapangaji.

Hata hivyo wanunuzi huja. Kisa cha mmoja wao chaonyesha namna mambo yanavyokwenda. Alitoka Nanyuki, ambako Landrova hupendwa na watu wenye pesa, akafika Mji wa Kale saa nne asubuhi na viatu vya kupandia mlima.

"Mzee, hii gari inawaka?"

"Yawaka."

Haikuwaka. Ilipofunguliwa boneti, baada ya ndimu kuhamishwa kwa heshima zote, alionekana paka amelala juu ya betri na watoto wanne wasiofumbua macho. Mzee aliifunga boneti polepole kama mlango wa chumba cha mzazi. Akaeleza kwamba gari ni zima, ila lina wageni, na paka wa Mji wa Kale hahamishwi kabla watoto hawajaona. Mnunuzi aliuliza ni siku ngapi. Baraza lilijadiliana likasema wiki mbili.

Baada ya wiki mbili alirudi na pesa taslimu ndani ya bahasha. Paka alikuwa ameshahamia stoo ya jirani. Mzee alipanda, akavuta choki, akagusa ufunguo, na gari likawaka mara moja, kwa mngurumo uliofanya njiwa waruke kutoka kwenye paa la msikiti. Hakuna aliyewahi kuona jambo hilo. Mzee mwenyewe alikaa usukanini muda mrefu akisikiliza. Kisha akazima, akashuka, akaupiga mlango mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza haufungi, akamwambia mgeni kwa upole wa dhati:

"Mwanangu, gari yenyewe nzima hivi. Niiuze ya nini?"

Mgeni alinyweshwa kahawa, akalishwa halua, akarudi Nanyuki na bahasha yake.

Inabaki hali ya mwisho, ambayo ni mauti ya mwenye gari. Watu wa nje hudhani hapo ndipo muda unapokoma. Chukua mzee aliyeacha mjane, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Kwa hesabu ya mirathi ya Kiislamu mjane mwenye watoto hupata thumni, yaani moja ya nane. Kinachobaki ni saba juu ya nane, mwanamume akipata fungu mara mbili ya mwanamke. Wana wawili ni mafungu manne, mabinti watatu ni matatu, jumla saba. Hesabu yaangukia pazuri ajabu: mjane thumni, kila binti thumni, kila mwana thumni mbili. Mashamba hugombanisha watu kwa vizazi, lakini Landrova hugawanyika kwa nane bila baki, kwenye karatasi.

Barabarani ni shida. Kadhi hatumii msumeno, kwa hivyo gari huuzwa zima au haliuzwi, na likiuzwa sharti warithi wote wakubali. Mjane yuko radhi, ilmuradi ndimu zipate pa kuanikwa. Binti wa kwanza yuko Kizingo, wa pili Malindi, wa tatu ameolewa Jeddah. Mwana mdogo ndiye aendeshaye gari, na hoja yake ni kwamba ameshatia springi mpya mwezi uliopita. Mwana mkubwa yuko Maskati, ana Land Cruiser ya mwaka huu yenye viti vya ngozi, na fungu lake la Landrova ni robo nzima, pamoja na, kwa makubaliano ya ndugu, ile bisibisi. Alipopigiwa simu kuhusu mnunuzi mpya alinyamaza kidogo, kisha akatuma ujumbe wa sauti, na nyuma yake kiyoyozi chasikika. Asemacho ni kwamba yeye hana pingamizi hata kidogo, gari ni la kuuzwa, ila wamngoje aje alipande mara moja tu mpaka Likoni na kurudi. Likizo yake ni kaskazi ikiingia.