Bahari ya Nchiru

Mzee wa Kimeru ni mtihani kwa mtu anayejifunza kuhariri video. Nilitaka dakika tatu tu, za watoto wa shule: jinsi Wameru walivyotoroka Mbwaa, kisiwa ambacho wengine hukihusisha na Manda kule Lamu, wakiukimbia utumwa wa Nguo Ntune, watu wa mavazi mekundu. Mzee mmoja wa Nchiru, Meru, akakubali kusimulia. Salamu peke yake zilimaliza dakika zangu. Kisha, watu wakiwa bado ufuoni, akarukia habari za Field Marshal Musa Mwariama wa Mau Mau, aliyetoka msituni 1963 bila kuwahi kukamatwa.

"Mzee, tulikuwa baharini," nikamkumbusha.

"Ngoja wakusanyike, kijana. Wana ng'ombe."

Kazi ngumu ni kukata. Ukiwahi, mdomo wake unabaki wazi. Ukichelewa, anasikika akiuliza chai iko wapi. Halafu kuna yale maandishi yanayojiandika yenyewe chini ya video. Kila aliposema Mbwaa, simu iliandika mbwa, kwa hiyo mababu zetu wakawa wametoroka mbwa usiku wa manane. Afadhali kidogo: katika masimulizi yenyewe, Nguo Ntune waliwahi kuwadai mbwa mwenye pembe.

Rangi ndiyo iliyomchekesha mzee. Waliovuka bahari usiku waliitwa Njiru, weusi. Wa alfajiri Ntune, wekundu. Na wa mchana Njeru, weupe. Ile rangi ya kahawia ya kizamani, ambayo kila mwanafunzi wa video huipenda, iliwapaka wote sawasawa. Mzee akaitazama simu, akavua miwani, akaivaa tena.

"Umetufanya ukoo mmoja. Hata wazee wa baraza la Njuri Ncheke hawajaweza hilo."

Sauti nayo! Koomenjwe, kiongozi wa watorokaji, anainua fimbo ayapige maji, na papo hapo pikapu ya miraa kutoka mji wa Maua inapita mbio, honi juu, maana miraa ikinyauka haina bei. Honi ilikatika. Upepo uliovuma kwenye maiki ulikataa kutoka, na mzee akanizuia nisihangaike nao.

"Hiyo ndiyo bahari. Ilivuma hivyo hivyo," akasema, kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo.

Mwariama ilibidi nimwondoe, jambo ambalo halikumfurahisha. Ameshapiga simu: Jumamosi tunarekodi habari za Mwariama peke yake, na nisisahau sukari.