Sifa za Taa Isiyo Yako

Wapiga enanga wa Buhaya waliwasifu wafalme na mashujaa, wakaacha kazi moja haijafanywa: kuisifu taa ya sola ya mkopo, ile inayojizima yenyewe mwenye nyumba akichelewa kulipa. Sina enanga wala sauti. Lakini wakubwa wote wana wa kuwasifu, na hii maskini haina hata mmoja.

Tuanze na umbo lake. Kaboksi kadogo kameangikwa ukutani jirani na kalenda ya parokia, kana vitufe vya namba na kijitaa cha rangi. Umelipa, kijani, hujalipa, chekundu, na nyumba nzima inarudi kwenye koroboi. Haifoki, haipeleki jina lako kwa mtendaji wa kijiji. Mangi mwenye duka akikudai atakuita kwa jina zima mbele ya wakwe zako pale stendi ya Muleba. Taa hukuaibisha ndani kwa ndani, mbele ya mkeo na wanao tu. Na jinsi inavyolea! Mtoto yuko kwenye hesabu za kugawanya, saa mbili usiku, kafika kwenye baki, giza hilo. Mwalimu gani wa Kamachumu amewahi kulieleza somo la baki vizuri hivyo?

Kuna watu wenye roho ngumu wanaoshauri kwamba ukishauza kahawa upande gari hadi Bukoba mjini, ununue paneli yako, betri yako na nyaya zako kwa fedha taslimu, mambo yaishe. Hawafikirii raha unayojinyima. Sola ya taslimu ni yako siku ya kwanza, na betri ikifa nayo ni yako: utakaa nayo uvunguni kama mkwe asiye na nauli ya kurudi kwao. Sola ya mkopo ina watu. Wakala anapiga simu kuuliza hali: "Shikamoo mzee wangu, mwanga unaendeleaje?" Ikisumbua, fundi anakuja kwa pikipiki kabla jua halijazama, maana taa isiyowaka hailipiwi. Siku unapomaliza deni, simu zinakoma, na fundi anakuwa na kazi nyingi upande wa Ngara. Hakuna mtu anayependwa katika nchi hii kama mdaiwa anayelipa.

Inasemekana Waswahili hatujui tunachotaka, lakini biashara hii inasema tofauti. Off Grid Electric, iliyoanzia Arusha na kujulikana kwa wateja kama M-Power, mwanzoni iliuza mwanga wenyewe: ulilipia huduma, mtambo ukabaki wa kampuni. Baadaye nayo ikahamia kwenye mpango wa kulipa kwa mafungu hadi mtambo uwe wako. Watu walikuwa radhi kulipa kila siku, ila walitaka kujua ni mpaka lini.

Hapa ndipo sifa yangu inapokolea, kwa kuwa Wahaya walishalipia huduma bila kumiliki muda mrefu kabla ya paneli. Chini ya nyarubanja, ule mfumo wa zamani wa mabwana wa ardhi, mtu alilima kibanja, akapanda migomba na mibuni, akazika wazazi humo, akazeeka humo, huku akimlipa bwana ambaye hajawahi kushika jembe pale. Mwanawe akarithi malipo. Hapakuwa na namba ya mwisho ya kubonyeza ili kibanja kifunguke moja kwa moja. Ilibidi zitungwe sheria, ya 1965 na nyingine ya 1968, ndipo mpangaji akawa mwenye shamba. Taa yetu haihitaji Bunge. Lipa mafungu yote, inakutumia namba, inafunguka. Kwa kipimo cha nyarubanja, kaboksi haka ni mwanamapinduzi.

Wanawake walikuwa na kifurushi chao peke yao. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kupata ardhi ya ukoo aitumie maisha yake yote, mradi asiiuze. Akifa, na kifurushi kimekwisha. Holaria Pastory aliharibu utaratibu huu mzuri. Mwaka 1988 aliuza shamba alilorithi kwa baba yake, kwa shilingi 300,000, kwa mtu wa nje ya ukoo. Mtoto wa nduguye akakimbilia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, huko huko Muleba, akashinda. Akashindwa Mahakama ya Wilaya. Akapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akasema mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanamume. Yule mama alibebeshwa mzigo wote wa kuwa na kitu chake, na hakuna taarifa kwamba alilalamika.

Wanaojigamba kwa umiliki wanyamaze kidogo. Nyumba unayo? Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa ndani ya LUKU, na mwaka huo ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mpangaji akinunua umeme, anaanza kumlipia mwenye nyumba, ndipo anapata uniti za kupikia chai. King'amuzi nacho ulinunua kwa fedha yako, dishi ni lako, runinga ni yako. Unaishi hatua chache kutoka Kaitaba, Kagera Sugar wanafunga, kelele za goli zinaingia dirishani, na kwenye kioo umeandikiwa kwamba kifurushi chako kimekwisha. Taa haina unafiki huo. Haikukuuzia boksi ikabaki na mwanga.

Ninachokiri ni kwamba mwanga huu hula. Fungu la kila siku halijui msimu wa kahawa, na Januari hakuna mtu mwenye kahawa ya kuuza. Basi mzee anatembelewa jioni na kijana mpole mwenye noti mfukoni na macho kwenye mibuni iliyotoa maua. Hiyo ndiyo butura, biashara inayopigwa marufuku miaka nenda rudi: unauza buni ambayo bado ni ua, kwa bei ya ua. Kijiji kizima kinaijua, mtendaji haioni. Kijitaa kinarudi kijani usiku ule ule. Msimu ukifika, magunia yanapimwa uani hadi usiku, na taa inawaka vizuri kabisa, mshale wa mizani unasomeka hata kwa mzee mwenye mtoto wa jicho: kilo zote hizo ni za kijana.