Sifa za Pikipiki Isiyo na Nguvu

Katika Usukuma sifa hazimwagwi ovyo. Manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma ambaye makundi ya Bagika na Bagalu humtegemea yanaposhindana baada ya mavuno, huzielekeza kwa ng'ombe, kwa wakulima hodari na, bila haya, kwake mwenyewe, na ingekuwa kazi ngumu kumshawishi apoteze hata ubeti mmoja kwa ajili ya pikipiki ya cc 100 inayohema kila ikikutana na mwinuko. Hata hivyo waandishi wa mataifa mengine wamekuwa na desturi ya kuvisifu vitu visivyoomba kusifiwa: Lucian wa Samosata, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 2, alimsifu nzi, na Erasmus wa Rotterdam akausifu upumbavu katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1511. Ikiwa nzi amepata wakili, haitakuwa haki kukinyima utetezi chombo ambacho mwanagenzi wa Tinde, mkoani Shinyanga, hukipanda akitazama chini ili asitambuliwe.

Pikipiki inayohusika hapa ni ile ambayo injini yake haizidi cc 125. Kipimo hicho, ambacho kirefu chake ni sentimita za ujazo, huonyesha nafasi ambayo pistoni huipitia ndani ya silinda inapopanda kutoka chini hadi juu, na kwa kuwa nafasi hiyo ndiyo inayojazwa mchanganyiko wa hewa na petroli, ukubwa wake huamua kwa sehemu kubwa nguvu itakayofika kwenye gurudumu la nyuma. Cc 100 ni sehemu moja ya kumi ya lita, na kwa ujazo huo mdogo huzalishwa takriban nguvu za farasi 8, ambazo zinatosha kumfikisha mtu mmoja mnadani na kumrudisha, lakini hazitoshi kumfanya ajulikane huko.

Ukoo wake, kwa kweli, ni wa heshima kuliko sura yake. Super Cub ya kampuni ya Honda, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1958 ikiwa na injini ya cc 50, ilipofika mwaka 2017 ilikuwa imetengenezwa zaidi ya milioni 100. Na katikati ya miaka ya 1970 kampuni hiyo hiyo ilitoa CG125, ambayo vali zake husukumwa na fimbo badala ya kuendeshwa na cheni ya ndani ya injini, kwa sababu wahandisi walikuwa wametambua kwamba katika nchi nyingi mwenye pikipiki hubadilisha oili siku anayokumbuka, na hakumbuki mara kwa mara. Viwanda vya China viliuiga muundo huo, na pikipiki nyingi zilizofurika Tanzania katika muongo wa 2000 zilikuwa wajukuu wake, kabla Boxer na TVS kutoka India hazijatawala vijiwe, yaani sehemu ambazo waendesha bodaboda hukaa wakisubiri abiria.

Fadhila yake kuu ni kwamba haiwezi kukimbia. Tinde ni njia panda: barabara ya lami itokayo Nzega hugawanyika hapo, tawi moja likielekea Shinyanga mjini na Mwanza, na jingine likielekea Isaka, Kahama na mipaka ya Rwanda na Burundi, hivyo kwamba malori ya makontena na ya mafuta hupita mbele ya wauza nyanya usiku na mchana. Sayansi ya mwendo inafundisha kwamba nishati ya kitu kinachokwenda huongezeka kwa mraba wa kasi yake, maana yake ni kwamba aliyetoka kilomita 40 kwa saa akafika 80 hakuongeza nguvu ya ajali maradufu bali mara nne. Mwanafunzi wa pikipiki kubwa hujifunza kanuni hiyo haraka sana, na pengine mara moja tu, ilhali pikipiki ndogo, ambayo haijui fizikia yoyote, humkinga nayo kwa uvivu wake wa kuzaliwa. Kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, ambacho askari wa usalama barabarani hukisimamia kwa jasho, pikipiki ndogo hukitii kwa kukosa uwezo wa kukivunja bila maandalizi marefu.

Wapo wanaodai, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwamba udhaifu huo wenyewe ni hatari, kwa kuwa chombo kisichoweza kuongeza mwendo hukaa mbele ya lori likipiga honi, na dereva wa lori aliyetoka Dar es Salaam hana subira nyingi iliyobaki anapofika Tinde. Jibu la haki ni kwamba hoja hiyo haimlaumu anayefaa kulaumiwa, kwani mwanafunzi hana shughuli yoyote kwenye barabara kuu, na pikipiki inayomtia aibu huko humsukuma arudi kwenye njia za vumbi zinazokwenda vijijini, ambako ndiko alikopaswa kuanzia. Hakuna mwalimu wa udereva anayeweza kumfukuza mwanafunzi barabarani kwa ufanisi kama huo.

Kuzimika nako, ambako wasioelewa hukuhesabu kuwa ila, ni adabu. Klachi, yaani kifaa kinachounganisha na kutenganisha injini na gia, huendeshwa kwa mkono wa kushoto, na kosa la karibu kila anayeanza ni kuiachia ghafla huku mkono wa kulia ukivuta mafuta kwa hofu. Injini kubwa inapotendewa hivyo hutii amri yote kwa pamoja, ikaruka mbele na kumwacha mpandaji wake akielekea kwenye meza ya chipsi. Injini ndogo hutetemeka, hukohoa na kuzima, kisha hukaa kimya mpaka mwanafunzi atulie na kupiga kiki upya. Kuzima huko hurudiwa mara nyingi mbele ya watoto wanaocheka, na kicheko chao ni ada ndogo kwa somo ambalo wengine wamelilipia kwa mfupa wa goti.

Faida ya udogo huo huonekana vizuri zaidi nje ya lami. Wasukuma huuainisha udongo wao kwa makini, wakiutofautisha luseni, ambao ni mchanga wa sehemu za juu, na mbuga, ambao ni udongo mweusi wa mfinyanzi unaokaa mabondeni, unaopasuka kiangazi na kugeuka gundi wakati wa masika. Juu ya luseni gurudumu la mbele huyumba na kutafuta njia yake lenyewe. Kwenye mbuga iliyolowa, matope hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Hapo kuanguka si suala la kama bali la lini, na kinachobaki ni swali la uzito: pikipiki ya takriban kilo 110 huinuliwa na mwanafunzi mmoja aliyeaibika, wakati ile kubwa huhitaji mashahidi, na mashahidi hao huwa na maneno. Anayeishia ndani ya jaruba la mpunga, yaani kipande cha shamba kilichozungushiwa kingo ili kishike maji, atakuwa na sababu zaidi ya kushukuru, hasa mwenye jaruba akiwa anakuja.

Faida ya aibu inastahili nafasi yake yenyewe, kwa sababu ukanda huu una dhahabu. Kutoka Mwakitolyo, kwenye mkoa huu wa Shinyanga, hadi Nyarugusu na Rwamgasa mkoani Geita, wachimbaji wadogo hushuka kwenye maduara, ambayo ni mashimo ya kuchimbia, na kijana ambaye duara lake limetema dhahabu huweza kuwa na fedha za pikipiki kabla hajawa na wazo la namna inavyosimamishwa. Kijana kama huyo haombi chombo cha kujifunzia, bali anataka chombo cha kutangazia. Angefaa kusimuliwa habari za T. E. Lawrence, mwanajeshi na mwandishi wa Uingereza, ambaye mwezi Mei 1935 alianguka na Brough Superior yake ya karibu cc 1,000 alipokuwa akiwakwepa wavulana wawili wa baiskeli, akafa siku 6 baadaye, ingawa hakuwa mwanagenzi hata kidogo. Daktari wa ubongo Hugh Cairns, aliyekuwa miongoni mwa waliomhudumia, aliendelea kuchunguza majeraha ya vichwa vya waendesha pikipiki, na utafiti aliouchapisha mwaka 1941 ukachangia jeshi la nchi hiyo kuwalazimisha wapeleka barua wake kuvaa kofia ngumu. Pikipiki kubwa, kwa hiyo, imeutumikia ubinadamu pia, isipokuwa kwa njia ambayo mwenye nayo asingeichagua.

Sifa zikizidi huwa uongo, na ukweli ni kwamba pikipiki ndogo ina dhambi moja kubwa, ambayo ni utii. Kiti chake kirefu hakijawahi kusema kimejaa. Hukubali mishikaki, yaani abiria wawili au watatu waliobanana nyuma ya dereva kinyume cha sheria. Hukubali viroba vya mawe ya dhahabu vinavyopelekwa kwenye karasha, mashine ya kuyasaga. Hukubali mbuzi, mlango wa chuma na kreti za soda, kisha hulaumiwa breki zisiposhika. Mwanafunzi ambaye bado anahesabu gia kwa vidole vya mguu hukabidhiwa shangazi na gunia la mpunga kwa sababu tu chombo hakikugoma, na katika hilo udhaifu wake haumlindi yeyote, maana mzigo huongeza umbali wa kusimama huku ukimnyang'anya dereva mizani. Hapa mtetezi hana budi kukubali kwamba mteja wake ana hatia, akiomba tu waliompakia washtakiwe pamoja naye.

Kuhusu gharama hapana haja ya kurefusha: hunywa petroli kidogo, spea zake hupatikana karibu kila kituo cha biashara, na fundi aliyekaa chini ya mwembe huifungua kwa spana chache na kuifunga tena akiwa na nati moja ya ziada ambayo hakuna anayeiulizia.

Sheria nayo, bila kukusudia utani wowote, iko upande wake. Utaratibu wa leseni za Tanzania unatenga daraja A1 kwa pikipiki ambazo injini zake hazizidi cc 125, na daraja A kwa zile zilizo juu ya hapo, huku anayeanza akitakiwa kuwa na leseni ya kujifunzia na kuonyesha herufi L kwenye chombo chake. Mwanafunzi wa Tinde anunue ndogo, avae kofia ngumu na kuifunga kamba yake kidevuni, asimpakie mtu mpaka apate leseni kamili, na kijana wa duara aliyekwisha kulipia cc 250 aiegeshe nyumbani mpaka atakapoimudu ndogo ya jirani.