Sifa za Mkanda Usiokohoa

Klachi inayokufa huteleza kwanza. Breki hulia, rejeta huvuja, betri husitasita asubuhi za baridi za Juni. Kila kiungo cha motoka kina adabu ya kumtaarifu mwenyewe mapema, apate muda wa kukopa. Mkanda wa taimingi hauna mambo hayo. Leo unazunguka kimya chini ya kifuniko chake, kesho umekatika katikati ya barabara ya Kipushi na Lubumbashi. Usifiwe basi, kwani ni nani mwingine anayeishi na watu miaka yote hiyo bila kulalamika hata mara moja?

Asili yake ni ya kinyenyekevu. Mikanda ya mpira yenye meno ilizoea kazi za mashine za nguo kabla ya kuingia kwenye magari. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ndogo ya Kijerumani, Glas, ikautia mkanda huo kwenye injini ya gari lake la 1004, na Fiat na wengine wakafuata. Amri uliyopewa mkanda ni fupi: krankishafti ikizunguka mara mbili, kamshafti izunguke mara moja. Injini ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 25 kwa sekunde, na anayezuia valvu na pistoni zisipigane ni utepe wa mpira unaoenea mfukoni. Yako mabunge yenye walinzi wengi zaidi na utaratibu mchache kuliko huo.

Kutoka Kipushi hadi Lubumbashi ni kilomita 30 hivi. Teksi inayokwenda na kurudi mara tatu kwa siku humaliza kilomita 100,000, umri ambao dizeli nyingi za Toyota hudai mkanda mpya, kwa mwaka mmoja na nusu. Baadhi ya Land Cruiser zina hata taa ya T-BELT ya kukumbusha. Taa hiyo ni mhasibu tu: huhesabu kilomita, mkanda wenyewe haijawahi kuuona, na huweza kuzimwa bila mtu kugusa spana. Isitoshe, motoka nyingi hufika Katanga zimeshatumika Japani, zikapita Dar es Salaam, Tunduma na Kasumbalesa. Hadi hapo mita imesema inachotaka. Mnunuzi huchagua mawili: aamini, au afungue.

Kufungua ndiko kwenye sherehe. Kiangazi ndicho kizuri, mvua haimkimbizi mtu uani. Waya wa betri ukishatolewa, ukumbi huanza kujaa: jirani aliyekuja kuomba jeki anabaki kutoa ushauri, na mtoto wa nyumba anapandishwa kwenye kiti akanyage breki kwa nguvu zake zote, gia ikiwa ya juu, ili boliti ya puli ya krankishafti ikubali kulegea. Boliti hiyo huwafundisha wanaume wazima kusali. Kisha zinatafutwa alama za taimingi, ambazo mafuta na vumbi jekundu vimezifunika, na hapo rangi ya kucha ya mama mwenye nyumba, ya kuzipaka zionekane, hupata kazi ya heshima kuliko zote ilizowahi kupewa.

Mkanda mpya ukishavishwa na tenshena, kikaza mkanda, ikikazwa, injini huzungushwa kwa spana, polepole, mizunguko miwili kamili. Ikigoma njiani, mwenye akili huacha papo hapo. Jino moja tu likiruka, gari linaweza kuwaka lakini likakosa nguvu, na mabishano juu ya jino hilo yakafika usiku.

Kuna pia majaribu ya bei. Mkanda wenyewe ni rahisi, tenshena ndiyo humfanya mtu aseme, “Hii bado nzima, baba, turudishe tu.” Katika injini ya 3S-FE ya RAV4 za mwanzo, mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji, na busara ni kubadilisha vyote kwa pamoja. Kipushi haihitaji kuhubiriwa habari za pampu. Mgodi wake ulisimama kuchimba mwaka 1993, ukabaki unakaushwa tu, hadi mwaka 2011 pampu kuu ya chini ilipokufa na maji yakapanda mamia ya mita. Madini hayakutoka tena mpaka 2024.

Wenye Ist hujigamba kwamba injini yao inatumia cheni. Wana haki, ingawa uani kwao watu hawajai. Wenye Corolla ya 4A-FE wana bahati nyingine: mkanda ukikatika, pistoni hazifiki kwenye valvu, gari hulala tu na kusukumwa nyumbani. Kwa hiyo wengi wao hungoja ukatike. Dereva wa Hiace ya dizeli hana nafasi hiyo. Kwake mkanda mmoja uliokatika ni valvu zilizopinda na silinda hedi juu ya meza. Ndiye utakayemkuta Jumapili amelala chini ya motoka nzima, isiyo na ugonjwa wowote, akiifungua.