Kompyuta ya Laki Nne na Nusu

Kompyuta mpakato ya bei nafuu kwa matumizi ya nyumbani ni chombo kinachonunuliwa na mtu mmoja, kuchaguliwa na watu saba na kutumiwa na mtoto mdogo kuliko wote. Sababu za kukinunua hutajwa kwa heshima kwenye kikao cha familia: mtoto wa kidato cha tatu apate kusoma, mama apange hesabu za kikoba, kaka mkubwa ajaze maombi ya kazi bila kulipia steshenari kila mara. Wiki ya pili matumizi halisi hujitokeza. Hesabu za kikoba bado ziko kwenye daftari, maombi ya kazi yanajazwa kwa simu, na kompyuta inaendesha mchezo wa magari ambao hakuna anayekiri kuuweka.

Jambo hilo lina uzito wake wa kiufundi. Kuandika barua, kusoma PDF, kutazama video na kuperuzi mtandaoni ni kazi nyepesi. Mchezo wa magari, ili uende vizuri, mara nyingi unataka kadi ya picha ya peke yake, na kadi hiyo haipatikani kwenye mashine ya shilingi laki nne na nusu. Mtoto anayelalamika kwamba kompyuta ni nzito na inamkwamisha kwenye biolojia anastahili kuulizwa ni biolojia gani hiyo inayokwenda kilomita mia mbili kwa saa.

Kwa Dar es Salaam, fedha hiyo ina njia mbili. Ya kwanza ni mashine mpya ya boksi. Inanukia upya, stika zake hazijakwaruzwa, na nailoni ya kiooni itabaki hapo hadi ichanike yenyewe maana mzee wa nyumba amekataza isibanduliwe. Ndani mara nyingi mna prosesa ya Celeron, tuseme N4020 yenye viini viwili, RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye ubao isiweze kuongezwa, na hifadhi ya eMMC ya GB 64. Kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali ni GB 4 za RAM na GB 64 za hifadhi. Kwa maneno mengine, mashine hii imefika mtihanini ikiwa na alama za kufaulia kamili, bila hata moja ya ziada. Windows na masasisho yake yakishakaa, kinachobaki kinatosha picha za harusi moja, na harusi yenyewe isiwe na send-off.

Njia ya pili ni mtumba wa ofisi. Kampuni za Ulaya, Marekani na Ghuba hubadilisha kompyuta za wafanyakazi kila baada ya miaka michache, na zile za zamani huuzwa kwa jumla hadi zinafika Kariakoo. Majina yake yanajulikana: HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, Dell Latitude. Zilipokuwa mpya zilikuwa ghali, na ndiyo maana zina mwili mgumu, kibodi ya maana, na mgongo unaofunguka kwa bisibisi ili RAM na diski vibadilishwe. Kwa laki nne na nusu, mtumba unaishinda boksi bila ubishi. Familia nyingi zinalijua hilo na bado zinachukua boksi, kwa sababu boksi tupu juu ya kabati la sebuleni husomwa na wageni, na mtumba hauna boksi.

Mnunuzi wa mtumba anayeingia Mtaa wa Aggrey hafiki dukani peke yake. Njiani hupokelewa na winga, kijana asiye na duka wala mzigo, ila ana kila mashine inayotajwa. Ya Core i5? Ipo. Yenye kioo cha kugusa, rangi ya fedha na betri ya saa kumi? Ipo mama, kaa hapa kwenye stuli dakika mbili. Dakika mbili za Kariakoo zinatosha kuzunguka maduka manne na kurudi na mashine tofauti kabisa ndani ya mfuko mweusi. Imetoka Ujerumani juzi tu, ni laki sita, ila maongezi yapo. Maongezi yakiisha, laki nne na nusu inagawanywa kati ya mwenye duka na winga kwa uwiano ambao mnunuzi haambiwi.

Wengine hujikinga kwa kwenda na mtaalamu wa ukoo. Huyu kwa kawaida ni shemeji aliyewahi kushika steshenari. Ujuzi wake ni wa kweli, isipokuwa ni wa mwaka 2012. Dukani huinua mashine kwa mkono mmoja, huigonga mgongoni kama anayepima embe, kisha hutoa hukumu: “Hii i7 hii.”

Hukumu hiyo ndiyo inayopoteza fedha nyingi kuliko wizi. Namba 3, 5 na 7 hueleza daraja la prosesa ndani ya kizazi chake, na hazina la kusema baina ya vizazi. Core i7 ya kizazi cha pili ilitoka 2011; Core i3-1215U ya kizazi cha kumi na mbili, ya mwaka 2022, inaiacha mbali huku ikila umeme kidogo zaidi. Kizazi husomwa kwenye tarakimu zinazofuata kistari. i5-6300U ni cha sita, i5-8350U ni cha nane, na kuanzia cha kumi huhesabiwa tarakimu mbili, kama kwenye i5-1135G7, ambayo ni ya kumi na moja. Stika ya kifuani haitoshi kuwa ushahidi, kwani stika nazo huuzwa. Jina kamili hupatikana ndani, kwenye ukurasa wa Windows unaoeleza mfumo.

Kizazi cha nane ni mpaka wa kuuzingatia. Prosesa za Intel ambazo Microsoft inazikubali kwa Windows 11 zinaanzia hapo, ukiacha chache za kizazi cha saba, na matengenezo ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. EliteBook 840 G3, kipenzi cha mawinga, ni ya kizazi cha sita. Winga atasema ina Windows 11, na atakuwa hajasema uongo: fundi aliisukumiza humo kwa mlango wa uani. Mashine ya hivyo inafanya kazi, ila bei yake ishuke.

Kwenye kumbukumbu, RAM ya GB 8 inatosha nyumba ya kawaida, na GB 4 inatosha nyumba yenye subira. Diski ndiyo yenye neno. Mashine yenye HDD inayozunguka mara 5,400 kwa dakika huwashwa kabla ya kuchemsha chai na kutumika baada ya kuinywa. Ikibadilishiwa SSD, diski isiyozunguka, kitu hicho hicho huamka kwa sekunde chache, na mwenyewe hudhani ameuziwa nyingine. Kwa hiyo SSD ya GB 256 ni bora kuliko HDD ya TB 1, ingawa kuieleza hesabu hiyo mbele ya ukoo ni kazi, maana TB 1 ni kubwa kuliko GB 256 kwa hesabu yoyote wanayoijua.

Kuna pia hifadhi zinazodanganya. Flashi au diski ya nje ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya kuku wa kienyeji ina chipu ndogo iliyofundishwa kujitangaza kuwa kubwa. Inapokea video zote za harusi, inaorodhesha majina yake moja baada ya jingine, na inaonyesha nafasi iliyobaki. Siku ya kuzitazama, zile za mwanzo zinafunguka na zilizobaki ni majina matupu. Bibi harusi ameingia ukumbini. Keki haijulikani kama ililiwa.

Kibodi huchunguzwa mara chache, na hapo ndipo mtumba huonyesha kwao. Kibodi ya Kijerumani imebadilishana nafasi za Y na Z, herufi ambazo Kiswahili hakiwezi kumaliza sentensi mbili bila kuzitumia. Muuzaji mwenye huruma huiagiza Windows iisome kama ya Kiingereza. Hapo anakuwa amewaponya wanaoandika bila kutazama, na kuwaangamiza wanaotafuta herufi kwa jicho na kuzidonoa kwa kidole kimoja, ambao nyumbani ndio wengi. Anayebonyeza Z anapata Y. Barua ya maombi inatoka ikisema mwombaji ana “uyoefu wa kayi”, kwamba alizaliwa Mwanya, na kwamba zuko tazari kuhamia hata Yanyibar. Kama ni shabiki wa Zanga, ataomba radhi mwenyewe.

Kibodi ya Kifaransa ni balaa jingine. A imekaa mahali pa Q, na M imehamia pembeni ya L. Vidole vilivyozoea mpangilio wa kawaida vikiandika neno “mama”, kiooni hutokea “,q,q”. Tarakimu za safu ya juu nazo hazitoki bila kushikilia Shift, jambo linalomhusu moja kwa moja mweka hazina wa kikoba. Akiandika mchango wa 5000 kwa haraka anapata “(ààà”, na hakuna katiba ya kikoba inayoeleza hizo ni shilingi ngapi. Dawa ya mafundi ni stika za herufi zinazobandikwa juu ya vitufe. Zinasaidia, ila gundi yake haidumu, na inayotangulia kung'oka ni ile ya A, kwa kuwa ndiyo herufi ambayo Kiswahili kinaigonga kuliko zote.

Kioo hakina hadithi ndefu. Cha pikseli 1920 kwa 1080 aina ya IPS ni chema. Cha 1366 kwa 768 kinavumilika, ingawa kile cha aina ya TN humwonyesha sura mtu aliyekaa katikati ya kochi tu, na waliokaa pembeni husimuliwa filamu.

Betri ya mtumba imekula chumvi, na njia ya kujua umri wake ni ya bure. Kwenye dirisha la amri la Windows huandikwa powercfg /batteryreport, na mashine hutoa ripoti yenye uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa. Ikiwa ilizaliwa na mWh 50,000 na leo inajaa kwa 21,000, imebaki na asilimia 42, na zile “saa sita” za winga ni za wakati ingali Ulaya. Amri hiyo ina faida ya pili: mnunuzi akionekana kuiandika, bei hushuka kabla ripoti haijafunguka.

Chaja nayo iangaliwe kama imetoka kwa mama mmoja na mashine. Kompyuta nyingi za Dell huitambua chaja kupitia pini ya katikati. Zikipewa ya kuungaunga huwaka, ila betri haijai na prosesa hupunguza mwendo. Familia itaishi miezi ikilaumu virusi.

Mtego mbaya kuliko yote hauonekani dukani. Baadhi ya kompyuta za ofisi zimesajiliwa kwenye huduma za kampuni zilizozimiliki, na usajili huo hauondoki kwa kufuta diski. Siku fundi anapoisafisha mashine na kuiunganisha na mtandao, inaamka na kuikaribisha familia kwa jina la kampuni ya bima ya nchi za baridi, kisha inamtaka mtoto wa kidato cha tatu aingie kwa barua pepe yake ya kazini. Nyingine zina nenosiri la BIOS, programu inayoamka kabla ya Windows, na kwenye mashine za ofisi kulitoa si suala la kuchomoa betri na kuirudisha. Inafaa kuingia BIOS palepale kaunta na kudai mashine isafishwe na kuwashwa upya ikiwa mtandaoni kabla fedha haijahesabiwa. Winga atasema muda hauruhusu. Muda huo huo uliruhusu maduka manne.

Fundi wa kuweka Windows kwa elfu kumi anaweza kusubiri. Mashine za ofisi zilizokuja na Windows 8 au ya baadaye kwa kawaida hubeba leseni yake ndani ya ubao, na Windows ya toleo hilo ikiwekwa upya huitambua yenyewe. Kwa kuandika na kupiga hesabu, LibreOffice haina malipo. Kizazi chake cha nyuma, OpenOffice, kiliwahi kuvishwa Kiswahili: Jambo OpenOffice, kazi ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 2004. Waliokuwa na kompyuta wakati huo walikuwa wachache kuliko waliokuwa na maoni juu ya tafsiri yake.

Nyumbani, jambo la kwanza ni kuiambia Windows kwamba mtandao wa simu unalipiwa kwa kipimo. Swichi yake iko kwenye mipangilio ya WiFi. Bila hivyo masasisho hula bando la wiki kabla chakula cha jioni hakijaiva, na anayeshtakiwa ni mtoto. La pili ni kitambaa cha kufuma. Kinachositiri televisheni na redio kitatandikwa na juu ya kompyuta, huku chini pakiwekwa mto ili isikwaruze meza. Matundu ya hewa yakizibwa hivyo, feni hulia, prosesa hujipunguza kasi ili isiungue, na shemeji huitwa kuja kuigonga mgongoni.

Inabaki waranti. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ina jina la duka na tarehe. Ya mkono ina mhuri na maneno kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Zote mbili hazina winga, ambaye simu yake kwa sasa haipatikani. Waranti yenyewe kwa kawaida ni ya mwezi mmoja na haihusu betri, chaja, kioo, kibodi, maji, kuanguka, hitilafu ya umeme wala mashine iliyofunguliwa na fundi wa nje. Bawaba hazikutajwa popote, hivyo hesabu ya haki ni kwamba zimedhaminiwa.